Sweta la Safari

Tangu basi dogo la kanisa lilipovuka mpaka wa Tunduma, Tumpe hakuondoa macho kwenye kisogo cha shemeji yake. Alikaa kiti cha nyuma yake wakati wa kwenda Kasama, Zambia, na siku ya kurudi akakaa pale pale.

"Unamwangalia mno," jirani yake Yudith alimnong'oneza. "Watu watasema unataka kurithiwa."

Tumpe alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Lakini macho hakuyahamisha.

Mumewe, Anyelwisye, alizikwa kwenye uwanda wa majani juu ya nyumba yao, kule milima ya Uporoto, mahali ambapo kila masika okidi huchanua hadi mtu aogope kukanyaga. Chini ya kila ua kuna kiazi kidogo, na wafanyabiashara wa Zambia huvitafuta viazi hivyo kwa udi na uvumba. Ukikichimba, ua halirudi. Milima ya jirani ilishabaki vipara. Anyelwisye, akiwa hoi kitandani, aliomba jambo moja tu: pale pasiguswe na jembe. Tumpe akamwapia.

Aliyewahi kuleta wachimbaji mpaka mlangoni ni huyu huyu Ambokile, mdogo wa marehemu. Ndiyo maana Happy, binti wa Tumpe, alipomsihi mama yake aende na akina mama wa kanisa akaone maporomoko, apumzishe moyo, Tumpe alikataa. Nani angelinda?

"Mimi nipo, mama," Happy alisema. "Na baba mdogo nendeni naye. Akiwa mbele ya macho yako, atachimba nini?"

Binti ana akili, Tumpe alijisemea. Ambokile akaombwa awe msimamizi wa safari, naye akakubali. Nauli ya mama alilipa Happy, akasema ni pesa ya masweta aliyouza. Alifuma kwa mkono, na kwa muda mrefu alikuwa akililia mashine ya kufumia. Mama alimwambia asubiri mavuno ya viazi mviringo. Wala hakununa. Alimfumia mama yake sweta la safari, uzi wa zambarau na uzi mweupe vimesokotwa pamoja.

"Mbeya nzima hakuna mwingine mwenye rangi hii," alisema, akimfunga vifungo kama mtoto.

Na safari ilikuwa nzuri kweli. Kwenye maporomoko ya Chishimba, ukungu wa maji uliwalowesha nyuso, na Tumpe akasimama peke yake akimsimulia marehemu kimoyomoyo. Sokoni Kasama walionja viwavi wa kukaanga. Yudith alifumba macho akammeza wake mzima mzima. Tumpe alitafuna taratibu, akasema ladha yao inakaribia ya dagaa waliokaushwa vizuri, akachota tena.

Kila jioni alimpigia Happy kwa simu ya Yudith. Happy alipokea akihema, akasema ndiyo kwanza anatoka bustanini, udongo wa kiangazi mgumu.

"Huku salama, mama. Baba mdogo umemwona leo?"

"Nimemwona."

"Usimwachie."

Wakati wa kurudi walisimama Nakonde, karibu kabisa na mpaka. Sokoni mama mmoja alikuwa akikata chikanda, kitu kama mkate mzito wa kahawia, unga wa viazi vile vile vya okidi uliosongwa na karanga za kutwanga na pilipili. Tumpe alisita. Kisha akaona hivi vilishachimbwa kwa watu wengine, huko kusikojulikana, na yeye alitaka kujua ni utamu gani uliomaliza milima.

Alionja. Kilikuwa laini, chenye mafuta ya karanga, kikawasha ulimi mwishoni. Kitamu, hakuweza kukana. Akammegea Ambokile kipande, akimtazama usoni.

Ambokile alikirudisha sahanini.

"Hicho mimi situmii tena, shemeji. Nilimwapia kaka siku tunamzika."

Tumpe alishikwa na aibu. Safari nzima alikuwa amemchunga mtu kama ng'ombe mwizi, kumbe bure. Alimwomba radhi kwa sauti ya chini, na Ambokile akasema yamekwisha. Moyo ukamwia mwepesi. Akamwambia muuzaji amfungie kipande kikubwa, ampelekee binti yake aliyebaki akilinda nyumba.

Muuzaji alikifunga kwenye karatasi, akamsifia sweta. Alipolishika mkononi, akauliza wametoka wapi, na aliposikia ni Mbeya, akatabasamu.

"Basi mngekaa mpaka kesho mngekula kizuri zaidi. Mzigo umeingia asubuhi, mbichi, kutoka huko huko kwenu milimani. Njoo uone."

Alivuta gunia kutoka chini ya meza, akakata mshono wa mdomoni kwa kisu kile kile cha chikanda. Ndani kulijaa viazi vidogo, udongo mweusi bado umevishika. Uzi wa mshono ulidondoka miguuni pa Tumpe.

Muuzaji aliinama, akauokota, akauweka kando ya mkono wa Tumpe, kwenye sweta. Zambarau na nyeupe, vimesokotwa pamoja.

"Pole, mama," alisema. "Sweta lako linafumuka."