Daraja Lisilovukwa

Kidole cha Jenerali kilining'inia juu ya kipanya. Akibonyeza tu, askari wake wekundu kwenye kompyuta watavuka daraja.

"Vuka basi, dada!" mwenzake alinong'ona.

"Thubutu! Avuke yeye."

Meza ya pili, kamanda wa jeshi la bluu alikunja mikono kifuani. "Mimi? Siendi popote. Niko hapa hapa."

Nikachoka. Mchezo huu niliuomba mwenyewe, maana kila nikifundisha vita hivi vya kale vya darajani, nusu ya darasa hukoroma. Sasa wamepewa majeshi, wanatazamana kama paka!

Ndipo nikakiona kitabu cha historia mapajani mwa Jenerali, kimefichwa chini ya meza, kidole cha mkono wa pili kimebana ukurasa wa vita hivyo: aliyetangulia kuvuka daraja ndiye aliyeangamia. Nikatupa jicho kwa wa bluu. Naye kitabu mapajani.

Mwalimu mkuu akachungulia mlangoni. "Mbona kimya? Si uliniambia leo kuna vita humu?"

"Vimeahirishwa, Mkuu," nikasema, tabasamu likinishinda. "Wamesoma."