Filamu Yenye Funzo

Mujahid alibandika leso sehemu ya chini ya kioo cha televisheni, akaivuta huku na huku mpaka maandishi yote ya tafsiri ya Kiingereza yakafunikwa. Mdomo wa mfalme wa filamu ulionekana. Maneno yake hayakuonekana tena.

"DJ, mbona unaficha?" aliuliza Ndunge, msichana wa darasa la sita aliyekaa mbele kabisa.

"Leo ni siku ya kusikiliza, si ya kusoma."

"Na shule wanatuambia tusome."

"Shule ni Jumatatu."

Watoto walicheka. Mujahid alicheka nao, huku akiikaza leso pembeni.

Kila Jumamosi mchana aliwaonyesha watoto wa mtaa wa Majengo filamu za nje, akishika kipaza sauti na kuwasimulia kwa Kiswahili kila linalosemwa. Ndiyo kazi iliyomlisha na kumpa jina la DJ. Ukumbi ulikuwa wa kamati ya mtaa, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi Batulo. Baada ya filamu moja ya mapanga, watoto walirudi kwao wakapigana kwa miko ya ugali, wakapasua ndoo ya jirani. Bi Batulo akamwita Mujahid nyumbani kwake.

"Mwanangu, waonyeshe historia," alimwambia bila kupandisha sauti. "Historia yenye funzo. Jumamosi nitakuja mwenyewe. Nikiliona funzo, ukumbi utabaki wako. Nisipoliona, tutawapa washonaji."

Mujahid hakubisha. Hakuna aliyembishia Bi Batulo. Sebuleni pake televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma kuanzia juu hadi chini, kama biharusi asiyetakiwa kuonekana.

Alitafuta siku kadhaa, akapata filamu ya Kihindi ya zama za kale. Kijiji kimekauka. Mfalme amevuta maji yote kwenye bustani zake. Mchimba visima, maskini wa Mungu, anafunga safari kwenda kumwambia ukweli. Nusu ya kwanza ilimfurahisha Mujahid hata hakuona haja ya kutazama iliyobaki.

Iliyobaki aliitazama Jumamosi asubuhi, akinywa chai. Chai ilipoa kikombeni. Mchimba visima alimwambia mfalme ukweli, na mfalme akaamuru asukumwe ndani ya kisima. Malkia akalia. Muziki ukapigwa. Basi.

Hakukuwa na muda wa kutafuta nyingine. Kulikuwa na leso ya mamake.

Bi Batulo aliingia taratibu, na watoto wakamwamkia kwa pamoja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaupakata mkoba wake.

"Anza, mwanangu."

Mujahid alianza. Mchimba visima alizungumza kama mchuuzi wa soko la Gikomba anayejua bei yake. Tembo wa mfalme alilalamikia msongamano wa magari wa barabara ya Outer Ring. Watoto walicheka mpaka wakaegemeana. Bi Batulo hakucheka. Alitazama kioo tu, shingo imenyooka.

Mchimba visima alipofika mbele ya kiti cha enzi, Ndunge aligeuka nyuma.

"Bi, mwambie DJ atoe leso. Mimi najua kusoma."

Mujahid aliisogelea leso, akasimama kando yake.

"Leso ikae," alisema Bi Batulo. "Mwenye macho atazame, mwenye masikio asikilize."

Mfalme akasimama, uso umekunjamana, akanyoosha kidole.

"Mfalme anasema," Mujahid alisogeza kipaza sauti mdomoni, "'Ewe mchimba visima, umenifumbua macho. Nimewakosea watu wangu.'"

"Mbona amekasirika?" aliuliza Kimanzi, mdogo wake Ndunge.

"Amejikasirikia mwenyewe."

Askari wakamkamata mchimba visima, wakamburuta hadi ukingoni mwa kisima.

"Chini ya kisima kuna njia ya siri," Mujahid aliendelea, sasa kwa kasi. "Itamfikisha kijijini kabla ya jua kutua, apeleke habari kwamba maji yanakuja."

Askari wakamsukuma.

"Wamemsukuma!" alisema Kimanzi.

"Wamemsaidia. Ana haraka."

"Na malkia analilia nini?" aliuliza Ndunge.

"Machozi ya furaha. Hujawahi kwenda harusini?"

Muziki ulipanda. Mujahid aliizima televisheni kabla ya mtu mwingine kuuliza swali.

Bi Batulo aliinuka.

"Haya, mmejifunza nini?"

Ndunge aliinua mkono. "Mkubwa akikosea, akubali kosa. Hata kama ni mfalme."

"Na ukienda kumwambia ukweli," aliongeza Kimanzi, "uhakikishe kisima chake kina mlango wa pili."

Watoto wakaangua kicheko. Bi Batulo aliwangoja wamalize, kisha akawaruhusu watoke. Walimiminika nje wakigombea nani atakuwa mchimba visima na nani tembo. Hakuna aliyetaka mwiko wa ugali.

Mujahid alibaki amesimama na kipaza sauti mkononi.

"Funzo nimeliona," alisema Bi Batulo. "Ukumbi ni wako."

"Ahsante, Bi. Ahsante sana."

Bi Batulo aliliweka sawa buibui lake, akatembea hadi mlangoni, akasimama.

"Jumamosi ijayo utawaonyesha sehemu ya pili?"

"Nitawaonyesha, Bi. Ila bado sijaitazama."

"Mle malkia anakunywa sumu," alisema Bi Batulo. "Wewe ifanye sharubati."