Mzee Feruzi Anatembea

Gari la Shaweji liligoma kuwaka Ijumaa hiyo, akaamua kwenda kwa baba yake kwa miguu, akikatisha vichochoroni. Tangu Mzee Feruzi apooze, Shaweji alimfuata kila Ijumaa, akambeba mikononi kutoka kitandani hadi garini, wakaenda msikitini. Leo, akiwa ameshachelewa, alikuwa anakwenda kumwomba radhi kwa kukosa gari.

Alipokata kona ya mwisho, alisimama ghafla. Mbele yake alikuwa baba yake, na kanzu yake nyeupe, anatembea peke yake, kiganja kimoja kikipapasa ukuta, huku akijibu salamu za majirani.

"Baba!"

Mzee akageuka, akaduwaa kama mtu aliyefumaniwa.

"Umeanza lini kutembea?" Shaweji aliuliza.

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na mimi nakubeba kila wiki! Mbona hukuniambia?"

Mzee Feruzi akainamisha kichwa. "Mwanangu, sipungukiwi kitu, dawa unaleta, chakula unaleta. Lakini unanigusa pale tu unaponibeba. Nikajiuliza, nikianza kujiendea mwenyewe, utakuja kufanya nini?"

Adhana ikasikika kutoka ng'ambo ya nyumba. Mzee akauachia ukuta, akasimama katikati ya kichochoro bila kushika kitu, magoti yakimtetemeka, akanyoosha mkono.

Shaweji akaupokea.

"Taratibu basi," mzee akasema. "Hatua zangu fupi."

Wakaondoka hivyo, na watu wakasogea kando kuwapisha.