Chupa ya Chini ya Kitanda

Kwa siku tatu Mwanahija alikuwa akimdanganya muuguzi. Chupa ya mkojo ya mumewe haikufika hata robo, na daktari alishasema figo zikigoma, dawa ya saratani ya mapafu itasimamishwa. Basi kila alfajiri aliijazia chai ya rangi iliyopoa, hadi kwenye alama ya juu.

Leo alichelewa. Alimkuta muuguzi ameshaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Imejaa tena, mama. Figo zimeamka kweli. Kesho tunaendelea na dawa."

Akairudisha chini ya kitanda, akaenda zake. Mwanahija akamwinamia mumewe, ambaye miguu yake ilikuwa bado imevimba hadi inang'aa.

"Baba Mize, nani kaijaza?"

"Si wewe?" alinong'ona. "Nimekusikia ukimimina."

"Mimi ndiyo kwanza nafika."

Mumewe akafumba macho. Mwanahija akaigusa chupa. Ilikuwa ya moto. Kilichokuwamo kilipanda, kikashuka, kikapanda tena taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Akageuka kukitazama kifua cha mumewe. Kilikuwa kimetulia, hakipandi wala hakishuki.