Mstari Usiosogea

Aliweka rula kwa mara ya tatu, akasogeza miwani, akapima tena. Mstari ulikuwa palepale, haujasogea hata kwa upana wa unywele.

Pale kituoni, ambako kazi yao ilikuwa kuusoma mwanga wa nyota, wote walimwita Dada, hata mkurugenzi. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye chumba kilekile cha chini. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye kioo maalumu hupasuka ukawa utepe wa rangi, na ndani ya utepe huo mna mistari. Kila mstari unakwambia nyota ina madini gani tumboni. Ukiona mistari yote imehama kidogo kuelekea kwenye wekundu, ujue nyota hiyo inatukimbia. Dada alikuwa amesoma mistari ya nyota maelfu kwa maelfu, na hakuna aliyewahi kushuka ngazi kuja kumpiga picha.

Karatasi iliyokuwa mbele yake aliletewa na mdogo wake, mfanyakazi mwenzake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda. Ilionyesha nyota moja isiyo na jina, namba tu, na katikati ya utepe wake mstari wa njano uliong'aa kupita kiasi. Maelezo ya Kitinda yalisema nyota ile inatema sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Keshokutwa angesimama kuutangaza ugunduzi huo mbele ya wageni kutoka vyuo sita.

Lakini mistari mingine yote ilikuwa imehama, na huu wa njano haukuhama. Nyota inayokimbia haiwezi kuacha mstari mmoja nyuma. Basi mwanga ule haukutoka kwenye nyota, ulitoka hapahapa duniani. Dada alijua hata mahali: ile taa ya njano iliyokuwa getini hadi ilipong'olewa mwaka juzi. Anga likiwa na mawingu mepesi, mwanga wake ulikuwa ukirudi chini hadi ndani ya darubini.

Neno moja tu lingetosha kumwokoa mdogo wake. Dada akaifunika karatasi.

Kitinda alikuja kituoni miaka minne iliyopita, hajui hata kushika rula vizuri. Dada ndiye aliyemfundisha, mstari kwa mstari. Sasa mkurugenzi alikuwa akipita mlangoni kwa Dada bila kugeuza shingo, anaenda moja kwa moja kwa Kitinda. Wageni waliletwa kwa Kitinda. Gazeti lilimwandika Kitinda, na mama yao alilikata lile gazeti akalibandika sebuleni, juu kidogo ya saa, ili kila anayetaka kujua saa amwone kwanza mtoto wake. Majirani aliwaeleza kwamba mdogo anazungumza na nyota. Walipomuuliza habari za mkubwa, alijibu kwamba yupo, naye yuko hukohuko ofisini.

Hilo "hukohuko" lilimkaa Dada kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni Kitinda akaja, akasimama mlangoni kama anayebisha hodi kwa mkwe.

"Dada, umeipitia?"

"Nimeipitia."

"Yote? Nataka uwe na uhakika kabisa. Kama kuna mahali panakutia shaka, hata padogo, nafuta kila kitu. Sitajali watasema nini."

Dada alimtazama usoni. Alitafuta majivuno, akakuta wasiwasi, na wasiwasi ule nao ukamuudhi. Hata kuogopa alikuwa anaogopa kwa kupendeza.

"Iko safi," akasema.

Kitinda akashusha pumzi. Akamwomba atie sahihi chini, kwamba amekikagua kipimo kilichomo kwenye karatasi na hakina kasoro. Dada akatia. Kisha mdogo wake akamsihi siku hiyo avae lile gauni lake la buluu na akae mstari wa mbele kabisa, karibu na mama, maana mama naye angekuja. Dada akaitikia. Moyoni alijiambia kwamba kweli, mstari wa mbele ndipo mtu anapoona vizuri.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Mama yao, aliyekuwa hajawahi kukanyaga pale, alikaa wima akiwa ameushika mkoba kwa mikono miwili. Kitinda alisoma kwa sauti iliyotulia, akaonyesha utepe wa rangi ukutani, akaonyesha mstari wa njano. Watu wakanong'onezana. Alipomaliza, makofi yakapigwa.

Ndipo profesa mmoja mwenye mvi alipoinua mkono. Kwa upole, kama anayeuliza njia, akasema angependa kuelewa jambo moja: mbona mistari mingine yote imehama na huu haukuhama?

Mkurugenzi akaacha kutabasamu. Dada alihisi furaha ikimpanda kifuani, akainamisha uso isije ikaonekana.

Alipoinua macho, Kitinda alikuwa bado anatabasamu.

"Swali hilo linamhusu mwenyewe," Kitinda akasema. "Mimi leo nilikuwa msomaji tu. Kipimo hiki nilikikuta kwenye kabati la kumbukumbu. Kilifanywa miaka kumi na miwili iliyopita, kikasahauliwa, na jina la aliyekifanya nililiweka makusudi liwe la mwisho."

Akabonyeza, na ukutani ukatokea uso wa Dada, mkubwa kuliko mlango.

"Juzi amekipitia tena na kutia sahihi kwamba hakina kasoro. Dada, karibu."

Wa kwanza kusimama na kupiga makofi alikuwa mama yao.