Kiazi cha Kusubiri

Nungunungu alikuwa na shamba la viazi, na mchimbaji wake alikuwa Fuko. Kiangazi kilipoukausha udongo ukawa mgumu kama jiwe, Nungunungu alimwambia, "Kapumzike nyumbani, ndugu yangu, ila usichimbe kwa mwingine. Kila asubuhi nitakuletea kiazi mpaka mvua inyeshe."

Mwanzoni alileta kiazi kizima. Baadaye akaleta nusu, na mwishowe maganda matupu.

Fuko aliyapapasa. "Bwana, kulikoni?"

"Hufanyi kazi, Fuko. Hii ni hisani yangu tu."

"Si hisani, bwana. Sungura ananiita kila siku bondeni kwake, nami namkatalia. Kukusubiri ndiyo kazi uliyonipa."

Nungunungu akacheka, akaenda zake.

Mvua iliponyesha alirudi mbio, akamkuta mke wa Fuko peke yake na watoto.

"Mume wangu yuko kwa Sungura, shemeji. Watoto walikuwa wanalala njaa. Akimaliza huko atakuja kwako."

"Na mimi nifanye nini?" Nungunungu aliuliza, miiba yote imemlala.

"Subiri," mama yule alisema kwa upole, akampa kiazi. "Amekuachia hiki. Amesema anayesubirishwa naye anakula."

Nungunungu alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kizima.