Mkanda wa Shabiki

Siku hizo, kila aliyepiga kura pambano la ubingwa lifanyike alilazimika kuvaa mkanda wa shabiki na kuonja ngumi moja, kwa uzito uleule aliopigwa nao bondia.

Chande, fundi cherehani wa Tanga, alipiga kura bila wasiwasi.

"Kijoli ni bondia laini," alimwambia mkewe, Mama Zuhra. "Kwa Mapande hafiki raundi ya nne."

"Yule ana roho ya paka," mkewe alibisha. "Utaona."

Jumamosi alasiri walikaa mbele ya televisheni. Raundi ya tatu, Mapande alimchapa Kijoli ngumi ya ubavuni, na mkanda ukamshushia Chande ngumi hiyohiyo. Alianguka kutoka kwenye kochi, mdomo wazi, pumzi haiingii wala haitoki. Mama Zuhra alimshika kichwa akimwita.

Kwenye skrini, Kijoli alirudi hatua moja, akainua mikono, akaendelea kupigana.

"Bado amesimama," Chande alinong'ona pumzi ilipomrudia, machozi yakimtiririka. "Mama Zuhra, yule mtu bado amesimama!"

Walitazama hadi mwisho. Kijoli alishinda kwa pointi, na huko nje watu wakaanza kupiga kelele wakidai marudiano.

"Hivi mama yake Kijoli huwa anaangalia?" Mama Zuhra aliuliza.

Chande alifungua mkanda taratibu.